Maswali ya Wasomaji: Chembe inayotawanya mwanga ndio hio hio inayouweka ndani

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi, na nimeziweka pembeni za mambo mengine zote mana nne kati yake zinauliza kitu kimoja bila ya wenyewe kujuana. Mmoja yuko Wete, wa pili ni fundi wa Mji Mkongwe, wa tatu ni kijana wa Jambiani na wa nne ni bibi wa Chake. Nimeanza na huyu wa Wete kwa sababu jibu lake ndio mzizi wa majibu ya wenzake.

*Asalaam aleikum Maalim, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, niko Wete. Nilisoma kuwa wataalamu wanauweka mwanga ndani ya chembe ya silikoni, ile ya kompyuta, ambayo ni ndogo kuliko hata urefu wa wimbi la mwanga wenyewe. Nilipomwambia kaka yangu akasema hakuna kitu kama hicho, mwanga hauwekwi kama maji ya mtungi, na chembe ikipigwa na mwanga itautawanya tu basi. Nani yuko sawa? Na skuli yetu haina maabara, nifanyeje nione kwa macho yangu?*

Waaleikum salaam mwanangu, marhaba. Kaka yako yuko sawa kwenye kutawanya, wewe uko sawa kwenye kuweka, na utamu wa jambo lenyewe ni kuwa hivo vitu viwili sio viwili. Chembe inautawanya mwanga kwa sababu inaushika kwanza. Sasa twende pole pole.

Tuanze na hilo la kuona kwa macho, mana hilo halitaki maabara, linataka gilasi, maji, maziwa na tochi ya simu. Mie juzi usiku umeme ulipokatika nilikaa jikoni na wajukuu nikachukua gilasi ndefu ya maji safi nikatia kijiko kimoja cha tui la nazi. Haikutoa nilichokitaka, maji yakawa na ukungu mweupe tu, ukiangalia ubavuni nyeupe, ukiangalia kwa mbele nyeupe. Nikamwaga nikaosha gilasi, nikatia maji mengine, safari hii nikadondosha maziwa ya paketi matone matatu tu nikakoroga, nikazima taa ya chemli nikawasha tochi nikaipachika chini ya gilasi imulike juu. Hapo watoto wakanyamaza. Maji yaliyokuwa meupe yamekuwa na rangi ya buluu iliyopauka karibu na tochi, kama moshi wa mbali, na kadiri unavyopanda juu yanaelekea umanjano, na ukichungulia kutoka juu kabisa ukaitazama tochi yenyewe kupitia maji unaiona ina rangi ya chungwa kama jua la saa kumi na mbili jioni pale Forodhani. Ukizidisha maziwa buluu inapotea, kwa hio nenda tone moja moja.

Kwa nini maziwa yakakubali na tui likakataa? Ukubwa wa chembe. Mwanga tunaouona una mawimbi ya urefu wa kama nanomita 400 kwa zambarau mpaka 700 kwa nyekundu, na nanomita ni milimita moja uliyoigawa mara milioni, unywele wako mmoja unafika kama nanomita 80,000 kwa unene. Kwenye maziwa, ukiacha mafuta, kuna vidonge vya protini vya nanomita 100 mpaka 200 hivi, yaani vidogo kuliko wimbi. Matone ya mafuta ya tui ni makubwa, yanapita nanomita elfu kadhaa, hayo yanatawanya rangi zote karibu sawa sawa na matokeo yake ni weupe. Lakini chembe ikiwa ndogo sana kuliko wimbi inachagua: inatawanya wimbi fupi kuliko refu, na kwa kasi kubwa, mana utawanyaji unapungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Chukua buluu ya 450 na nyekundu ya 650, piga hesabu mwenyewe, utakuta buluu inatawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu. Hesabu hii aliitoa Lord Rayleigh wa Uingereza mwaka 1871 alipokuwa anatafuta sababu ya mbingu kuwa buluu. Na kuna jengine ambalo wengi wanalisahau, chembe ukiizidisha upana mara mbili utawanyaji hauzidi mara mbili, unazidi mara 64. 

Sasa hio hesabu ya Rayleigh inafaa chembe ikiwa ndogo sana. Chembe ikikua ikakaribia urefu wa wimbi mambo yanabadilika na hesabu inakuwa ngumu. Aliyeifanya na jina lake likabakia ni Mjerumani Gustav Mie, mwaka 1908, alikuwa anataka kujua kwa nini maji yenye vumbi la dhahabu laini yanakuwa mekundu. (Ludvig Lorenz wa Denmark alishaifikia karibu hio hio mwaka 1890 lakini haikusomwa sana, na mie naona ni haki naye kutajwa.) Mie aliichukua chembe ya duara kamili akaliandika wimbi linaloipiga, linaloingia na linalotoka, akahakikisha yanakubaliana pale kwenye ngozi ya chembe. Ni hesabu iliyokusudiwa dhahabu, lakini haijali ni dhahabu au ni kioo au ni silikoni, unaipa namba mbili tu: chembe ina ukubwa gani ukiilinganisha na wimbi, na kitu chenyewe kinaukawiza mwanga kiasi gani.

Hio namba ya pili ndio roho ya swali lako mwanangu. Mwanga ukiingia kwenye kitu unapunguza mwendo. Maji yanaukawiza mara 1.33, kioo cha dirisha kama 1.5, almasi 2.4, na silikoni kwa mwanga wa kijani inaukawiza mara 4 hivi. Na mwanga ukikawia wimbi lake linajikunja, linakuwa fupi. Sasa elewa hapa: mwanga mwekundu wa nanomita 630 ukiingia ndani ya silikoni wimbi lake linakuwa kama nanomita 160 tu. Kwa hio chembe ya silikoni yenye upana wa nanomita 160, ambayo kwa nje ni ndogo kuliko wimbi mara nne, kwa ndani inatosha kulibeba wimbi zima. Huko ndiko wanakosema "mwanga umewekwa kwenye kitu kidogo kuliko wenyewe". Hakuna uchawi, wimbi limejikunja ndio likaenea.

Na likienea sawa sawa, linaitika. Umewahi kupuliza mdomo wa chupa tupu ya soda? Inatoa sauti moja tu, ya kwake, hata upulize vipi. Ama zile pembea za sikukuu, ukimsukuma mtoto ovyo ovyo pembea haiendi popote, ukimsukuma kila anaporudi, kidogo kidogo tu, baada ya muda yuko juu anapiga kelele. Nguvu yote uliyotia imekaa kwenye pembea. Chembe ni hivo hivo, wimbi la rangi inayoiafiki linaingia, linagonga ukuta wa upande wa pili, linarudi likakutana na lenzake linaloingia kwa mguu ule ule, na ndani mwanga unazidi nguvu kuliko ule ulioko nje. Kioo cha kujitazamia hakihitajiki, ile tofauti ya mwendo tu baina ya silikoni na hewa inatosha kuurudisha sehemu ya mwanga ndani, kama vile ukipiga mbizi ukaangalia juu kwa mshazari unaona uso wa maji umekuwa kioo.

Kaka yako atauliza unakaa muda gani. Mwambie kwa ukweli: kidogo sana. Kwenye chembe ya duara ya silikoni mwanga unapiga mapigo mawili matatu ukatoka, na pigo moja la mwanga mwekundu ni kama femtosekunde 2. Femtosekunde ni sekunde uliyoigawa kwa milioni, ukaigawa tena kwa milioni, kisha kwa elfu. Kwa hio usidhani ni betri, huwezi kuuweka mwanga wa mchana ukautumia usiku, yeyote anayekwambia hivo anakuuzia kitu. Na unapotoka, unatoka kila upande, na huko kutoka ndio huo utawanyaji tunaouona kwa nje. Umefahamu sasa kwa nini nimesema sio vitu viwili? Chembe inapoushika mwanga vizuri kwenye rangi fulani ndipo inapoutawanya kwa wingi kwenye rangi hio. Mwaka 2012 watafiti walizipiga picha chembe moja moja za silikoni chini ya darubini, za nanomita 100 mpaka 200 na kitu, na zile ndogo zinang'ara buluu, za kati kijani, kubwa nyekundu, na zote ni silikoni ile ile ambayo ukiishika mkononi ni jiwe la kijivu. Hakuna rangi iliyotiwa. Ni ukubwa tu.

Kuna kitu kwenye picha zile kilichowafurahisha wenyewe kuliko rangi. Ndani ya chembe wimbi la umeme halisimami mstari, linazunguka duara, na umeme unaozunguka duara unafanya nini? Umesoma skuli, unafanya sumaku. Kwa hio chembe isiyo chuma, isiyopitisha umeme kama waya, inajibu upande wa sumaku wa mwanga, jambo ambalo vitu vya kawaida karibu havifanyi kabisa kwenye mwanga tunaouona. Hapo chembe inakuwa na sauti mbili, ya umeme na ya sumaku. Zikilingana nguvu na zikaenda pamoja, upande wa nyuma zinafutana na mbele zinajazana, mwanga wote unaendelea mbele na hakuna unaorudi. Milton Kerker na wenzake waliliandika hilo kwa hesabu tu mwaka 1983, miaka 30 baadae, 2013, likaonekana kwa mwanga wenyewe kwenye chembe za silikoni.

Na sasa nifike kwenye lile nnalolipenda kuliko yote. Ukiacha duara ukakata silikoni umbo la sarafu, sahani ndogo nyembamba, unaweza kuipata rangi ambayo mwanga uko ndani, unazunguka, una nguvu, lakini nje hautoki karibu chochote, chembe inakaribia kutoonekana. Wanaiita anapoli, wazo lilianza kwa Zel'dovich wa Urusi mwaka 1957 kwenye fizikia ya chembe za atomu, na mwaka 2015 likaonekana kwenye kisahani cha silikoni. Nilitafuta mfano siku nyingi, nikaupata kwenye mchezo wa kuvuta kamba. Timu mbili zimelingana nguvu, kila moja inavuta kwake, ukitazama kwa mbali kamba imesimama tuli utasema hakuna kinachotokea, lakini iguse, imekaza inalia, nguvu zote zimo ndani ya kamba. Ndani ya kisahani pia kuna mikondo miwili, mmoja unakwenda na kurudi na mwengine umejizungusha kama kitumbua chenye tundu katikati, na mawimbi yanayotoka kwa huyu yanafuta yanayotoka kwa yule. Nje kimya, ndani kumejaa. Kwa hio lile nnalosema la kutawanya na kuweka kuwa kitu kimoja ni la chembe ya duara, hapa kwenye kisahani vinaachana, mwanga umewekwa ndani bila ya kutawanywa.

Faida? Mwanga ukikusanyika kwa nguvu ndani ya kitu unaweza kuugeuza rangi, mwekundu usioonekana ukatoka wa kijani kwa mfano, na hilo linafanywa. Dhahabu na fedha nazo zinaukusanya mwanga kwenye chembe ndogo lakini madini yanaula mwanga na kupata moto, silikoni na jamaa zake wanakula kidogo sana. Na ukiongeza ukubwa mambo ya muda yanabadilika kabisa: kidonge cha kioo safi cha unene wa unywele kinauzungusha mwanga pembezoni mwake kama sauti inavyotambaa ukutani chini ya kuba, na vile vilivyotengenezwa vizuri vinauweka kama theluthi ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, muda ambao mwanga ulioko huru ungekwenda mita 100. Mwaka 2008 kidonge cha namna hio kilitumika kukigundua kirusi kimoja cha mafua kilichotua juu yake, kimoja tu mwanangu, kwa vile kirusi kikikaa pale mwanga unazunguka njia ndefu kidogo na rangi inayoitika inahama. Nikifikiria hospitali zetu za vijijini nataka sana siku hio ifike ya kipimo kama hicho kuwa cha kawaida.

Gilasi na tochi, usisahau. Mwite na kaka.

*Maalim, mimi ni fundi wa nyumba za zamani hapa Mji Mkongwe, kazi ya chokaa nilirithi kwa baba. Swali langu liko muda mrefu. Chokaa nikiipaka ukutani mbichi huwa haionekani kitu, ukuta unaonekana ule ule, mwenye nyumba ananiuliza fundi umepaka kweli? Kesho yake ukuta mweupe pepe. Na kwa nini rangi nyeupe ya dukani inafunika kwa mkono mmoja wakati chokaa inataka mikono mitatu minne? Kwani nyeupe ya dukani ni nyeupe zaidi?*

Fundi wangu, swali hili ni la kitaalamu khasa, na wewe ushaliona kwa macho miaka mingi kuliko watu wengi waliolisomea.

Chokaa yenyewe, ukiipata kipande kimoja kizima kisicho na nyufa, haina weupe wowote, inapitisha mwanga kama kioo. Weupe unatokana na kuwa ni unga, chembe na hewa, chembe na hewa, na mwanga kila ukitoka kwenye hewa ukaingia kwenye chembe unapotoshwa njia, unapigwa huku na huku mara nyingi mpaka unarudi ulikotoka wote, na rangi zote zikirudi pamoja ndio nyeupe hio. Kinachoupotosha ni tofauti ya mwendo. Chokaa inaukawiza mwanga mara 1.57, hewa kama 1, tofauti kubwa. Ukuta ukiwa mbichi zile nafasi baina ya chembe zimejaa maji, na maji ni 1.33, tofauti imepungua sana, mwanga unapita moja kwa moja unafika kwenye ukuta wa chini ukaukuta ule weusi wa zamani. Maji yakikauka hewa inaingia mahala pake na weupe unakuja wenyewe, na tena chokaa inavuta hewa ya kaboni pole pole inarudi kuwa jiwe, kwa hio inaganda huku inakuwa nyeupe. Mwambie mwenye nyumba asubiri.

Ukitaka kumuonesha, chukua kanzu nyeupe, iloweshe maji kifuani, mwili utaonekana. Uzi ni ule ule, hewa ndio imeondoka.

Sasa ya dukani. Unga mweupe uliomo kwenye rangi nyingi ni taitaniamu oksaidi, na aina inayotumika sana inaukawiza mwanga mara 2.7. Gundi iliyoshika ule unga ni kama 1.5, kwa hio hata rangi ikiwa mbichi, hata ikiwa imejaa gundi haina hewa, tofauti bado ni kubwa na inafunika. Na viwandani unga ule haukusagwa kwa kubahatisha, wanautengeneza chembe za nanomita 200 mpaka 300, kama nusu ya urefu wa wimbi, kwa sababu pale ndipo kila chembe inapoushika na kuutupa mwanga kwa nguvu kuliko ukubwa mwengine wowote. Ni ule ule mwitiko niliomwambia binti wa Wete. Wakizidi kuusaga, tuseme nanomita 20 au 30, unga ule ule unaacha kuwa mweupe unapitisha mwanga, na huo wa laini wanautia kwenye krimu za kujikinga na jua zisizoacha weupe usoni, mana mwanga mkali tusiouona bado unauzuia. Kitu kimoja, ukubwa mbali mbali, kazi mbali mbali.

Kwa hio nyeupe ya dukani inafunika zaidi kwa kila chembe, hilo kweli. Lakini fundi, usiiweke kwenye kuta za mawe na udongo za Mji Mkongwe kwa sababu ya uvivu wa mikono minne. Wewe unajua kuliko mimi kuwa kuta zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa, ukizifunga kwa rangi ya plastiki maji yanabakia ndani na plasta inaanguka vipande. Matundu yale yanayoifanya chokaa iwe nyeupe ndio hayo hayo ukuta unayopumulia. Nasikia uchungu kila nnapopita chochoro nikaona ukuta wa miaka mia na zaidi umevimba kama ngozi iliyoungua na jua, na juu yake rangi inang'ara.

*Vipi Maalim, mie niko Jambiani, kaka yangu anafanya kazi hoteli akasikia wageni wanasema mchanga ndio unatoa silikoni za kompyuta. Sie huku mchanga tunao mweupe kama unga, je unaweza kufanywa hizo silikoni tukapata biashara?*

Hapana mdogo wangu, na utaithibitisha leo leo kwa ndimu. Chukua kijiko cha mchanga wa pwani yenu, ukaushe, kisha ukamulie ndimu. Sogeza sikio. Utausikia unachemka chemka, na ukiangalia karibu karibu utaona vipovu vidogo vinapanda baina ya punje. Mchanga wa kwarizi, ule unaotoa silikoni, ukiukamulia ndimu haufanyi chochote. Wa kwenu unachemka kwa sababu ni matumbawe yaliyosagika, makombe, na magamba ya vidudu vya baharini vidogo vidogo, yaani ni ndugu wa chokaa ya fundi hapo juu. Silikoni hamna humo.

Na usione kama mmekosa. Mchanga wa kwarizi wenyewe peke yake haufai kitu mpaka uyeyushwe na makaa kwenye tanuri la umeme kwa moto mkali mno kisha usafishwe tena na tena, biashara sio mchanga, biashara ni ile elimu na ule umeme. Mchanga wenu una thamani ukiwa pale pale ulipo, unakinga ufukwe, na wanaoupakia kwenye gari usiku usiku kwenda kujengea wanakuibieni. Nilikuwa nataka kuliandika hili muda mrefu.

Ila tazama kitu kimoja kwa vile unaishi hapo. Maji yakitoka asubuhi, pale wanapokwenda kina mama kwenye mwani, mchanga uliokauka ni mweupe unaumiza macho na ule uliorowa ni wa rangi ya kaki. Ukikanyaga ule uliorowa, pembezoni mwa unyayo unakauka ghafla unakuwa mweupe kidogo halafu unarudi. Unyayo unazisukuma punje zitengane, nafasi zinaongezeka, maji yanazama chini kuzijaza, na kwa sekunde kadhaa juu kunabakia hewa. Jibu la fundi lote liko kwenye unyayo ule.

*Maalim mwanangu, mimi bibi yako wa Chake. Udi nikiutia kwenye chetezo moshi wake ukipanda mbele ya mlango mweusi naona wa buluu, nikiuangalia dirishani mbele ya jua naona kama wa rangi ya chai. Wajukuu wananambia macho ya bibi yamechoka. Kweli macho yangu?*

Shikamoo bibi. Macho yako mazima kabisa, na waambie wajukuu nimesema mimi. Moshi wa udi ukiwa mpya chembe zake ni ndogo, chini ya wimbi la mwanga au karibu yake, kwa hio zinatupa buluu pembeni zaidi. Mbele ya mlango mweusi unaouona ni ule mwanga uliotupwa, buluu. Dirishani unauona ule uliobakia baada ya buluu kuondolewa, ndio rangi ya chai. Moshi mmoja huo huo, bibi amekaa pande mbili.

Na nakuomba uangalie jengine kwa ajili yangu. Funga dirisha upepo usiingie, uache moshi utulie juu darini kama robo saa hivi. Chembe zinagongana zinashikana zinakuwa kubwa, na utauona ule wa juu umepoteza buluu yake umekuwa mweupe kama ukungu, wakati huku chini kwenye chetezo unaotoka sasa hivi bado ni buluu. Ukiona, mwambie mjukuu mmoja aniandikie ilichukua muda gani.